Siafu wa Bondeni na Ukuta wa Bi Mwanaidi

Nilipokuwa mtoto, saa ya kwanza niliyofundishwa kuisoma haikuwa na mishale wala namba. Ilikuwa ni mstari wa chungu, wale wadudu weusi wadogo ambao watu wa bara huwaita sisimizi, waliokuwa wakipita uani kwetu Kikwajuni, kutoka chini ya mtungi wa maji mpaka kwenye ufa wa ukuta wa jirani. Mwalimu wangu alikuwa bibi yangu mzaa mama, Bi Mize, mwanamke mfupi, mnene, mwenye maneno kama mvua ya masika. Skuli nilikwenda kidogo tu, nikaolewa mapema, na kwa nini niliolewa mapema majirani wanajua vizuri zaidi kuliko mimi, waulizeni wao. Lakini somo la chungu nililimaliza.

Bibi alikuwa akisema chungu wana adhuhuri yao. Wakati wa kiangazi, mchanga ukiwa moto kama kikaango, walitoka alfajiri mapema, wakahangaika mpaka jua lilipoanza kuuma, kisha wakapotea wote kama watu walioitwa. Adhuhuri humwoni hata mmoja. Ukiwaona tena ni alasiri, kivuli cha ukuta kikishafika kwenye mtungi. Asubuhi za baridi za kipupwe walichelewa kutoka, na wakitoka walikwenda taratibu, kila mmoja na lake, mithili ya mawifi waliogombana juzi. Mvua ikinyesha walijifungia. Ikikatika walifungua tundu zao, wakatoa udongo punje kwa punje wakauzungushia mlangoni, na bibi husema, "Waone, wanafagia. Na wewe ufagio uko wapi?"

Hayo ni mambo ya macho, mwenye macho atayaona. Bibi lakini hakuishia hapo. Yeye aliamini kwamba tangu zama za Nabii Suleimani chungu wanaonyana, na kwamba mtu asiyewadhuru huenda na yeye akasikia wanachoambizana. Kwa hiyo hakuwamwagia maji ya moto hata siku moja. Kabla ya kufagia alikuwa akiwaaga: "Piteni jamani, nnafagia." Kuhusu siafu ndiyo alikuwa na sharia kamili. Siafu ni jeshi, hawaingii nyumba ya mtu bure. Wakija usiwatukane wala usiwachome. Chukua watu wako utoke, uwape salamu, uwaache wafanye walilojia, na wakiondoka wataondoka na uchafu wa nyumba na nuksi zake zote.

Sisemi kuwa bibi alikuwa hakosei. Alikosea sana. Alitabiri kwamba baba na mama yangu hawatadumu kwa sababu kunguru aliwalilia siku ya posa, na wazee wangu wakakaa wakigombana kwa mapenzi mpaka mauti yalipowatenga. Jicho lake la kushoto likicheza alisema anakuja mgeni, tukapika wali wa ziada, mgeni asije, tukaula wenyewe. Hilo la mwisho sikuwahi kulilalamikia.

Lakini mara moja hakukosea, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza. Ilikuwa katika miaka ya hamsini, masika moja yaliyochelewa mpaka watu wakaanza kutazamana. Mamdogo Zuhura, mdogo wake mama, alikuwa ameolewa shamba, huko Dole, na alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, msichana, wakampa jina la Riziki. Bibi akaenda kumuuguza mwanawe uzazi, na mimi akanichukua. Mama alisema ni kwa ajili ya kumsaidia bibi. Ukweli ni kwamba nyumbani nilikuwa nimewachosha.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wake Zuhura, Bi Mwanaidi. Huyu alikuwa mrefu, mwembamba, na neno lake ulilingoja kama unavyongoja chakula kitoke jikoni. Mwanawe, mume wa Zuhura, alifanya kazi mjini na alikuja shamba Ijumaa kwa Ijumaa, kwa hiyo katikati ya wiki nyumba ilibaki na wanawake. Ilikuwa nyumba ya fito na udongo, makuti juu, mlango mmoja tu mbele, na ukumbi mwembamba katikati. Chumba cha mzazi kilikuwa cha mwisho. Ubavuni mwa nyumba, kugusana na ukuta wa chumba kile, kulikuwa na banda la jiko lililoingiliwa kwa nje.

Mzazi wakati ule alikuwa hatoki mpaka arobaini yake itimie, na mtoto ndiyo kabisa: asivuke mlango, asionwe na mbingu, kwani huko nje kuna macho na kuna wasioonekana. Chini ya mto wa mtoto huwekwa kisu ili vitu vibaya visimsogelee. Udi hufukizwa magharibi, na mama mtu hunyweshwa uji wa pilipili manga mpaka atokwe na jasho. Na kwetu tulikuwa na hayo hayo. Lakini kwetu desturi ilikuwa na nafasi ya kupumua, mtu akicheka cheka ikilegezwa kidogo. Bi Mwanaidi aliishika kwa mikono miwili. Hata mimi nikiingia kutoka nje alinisimamisha ukumbini, nipoe kwanza, "nisilete upepo wa njiani" kwa mtoto. Mimi na bibi tulikuwa tukimcheka usiku chini ya shuka.

"Mke mwenzangu," bibi huninong'oneza, kwani ndivyo bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, "yule akiweza, hata hewa ataitaka ibishe hodi."

Joto la siku zile sijapata kulisahau. Mvua zilikuwa zimekawia na hewa ilikaa juu ya mashamba kama blangeti lililoroa. Mimi sikuwa na mchezo wowote isipokuwa chungu wa pale, waliopita pembezoni mwa baraza. Walikuwa na saa ileile ya kwetu: asubuhi wapo, adhuhuri hawapo, alasiri wapo. Basi siku moja watu wameshasali adhuhuri, mie nimekaa barazani nachezea kifuu, nikawaona wametoka. Tena si mmoja wawili, ni mstari mzima, na hawakuwa wakienda kwenye kokwa la embe nililowatupia. Walikuwa wakipanda ukutani. Kila mmoja alikuwa amebeba kitu cheupe kinywani, kidogo kama punje ya mchele uliovunjika.

Nikamkimbilia bibi jikoni. "Bibi! Chungu wametoka adhuhuri. Na wamebeba watoto!"

"Wanakwenda juu au chini?"

"Juu."

Bibi akaweka mwiko. Akatoka, akainama mbele ya ule mstari kwa muda mrefu, mikono magotini. Kisha akatazama mbingu, ambayo ilikuwa nyeupe tu, haina wingu la kulitaja, halafu akatazama bondeni. Huko chini, kwenye kisiki cha mkarafuu uliokufa, kulikuwa na kundi kubwa la siafu. Kila mtu alilijua. Watoto wa pale walinionyesha siku ya kwanza nilipofika, kwa mbali, kama wanavyoonyesha watu kaburi la mtu mkubwa. Kwa jua lile siafu walikuwa wamejizika ardhini, huwaoni. Ukitaka kuwaona, wenzangu walinambia, ngoja siku ya mawingu.

Bibi akarudi jikoni. Bi Mwanaidi alikuwa akipepeta mchele.

"Mkwe wangu, inakuja mvua kubwa," bibi akasema. "Bondeni kutajaa maji, na wale siafu wa kwenye kisiki hawana pa kukimbilia ila huku juu kwetu. Tumhamishe mzazi kwa Bi Rukia leo hii, chini bado kukavu."

Bi Rukia ndiye aliyekuwa jirani, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya njia, juu zaidi, imejengwa kwa mawe.

"Nani kakwambia?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Chungu."

Ungo ukasimama. "Bi Mize, mie nakuheshimu. Lakini mjukuu wangu sitamvusha mlango arobaini haijatimia kwa kauli ya chungu."

"Mjukuu si wako peke yako."

"Mlango ni wangu peke yangu."

Nilimtazama bibi nikitegemea mvua ya maneno, lakini yeye akageuka kuutazama ukuta. Zuhura alikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta, na ukuta ule ulikuwa mwembamba. Nilipoingia kwake nilimkuta amejiinamisha juu ya mtoto, anajitia ananyonyesha, na mtoto mwenyewe amelala fofofo. Masikini, alikuwa na miaka kumi na nane au haifiki. Upande huu mama yake, upande huu mama mkwe. Akanambia, "Usiniulize kitu," na mie nilikuwa hata sijafumbua mdomo.

Jioni bibi alifanya alichoweza. Alitafuta makopo manne ya zamani, akayajaza maji, akatia na mafuta ya taa kidogo, akasimamisha miguu ya kitanda cha mzazi ndani yake. Bi Mwanaidi akamwacha, na akamshikia taa.

Mvua ilianza kabla ya alfajiri. Mimi ni mtoto wa mjini, naijua mvua inayopiga mabati. Ile ya shamba juu ya makuti haina kelele, ina uzito. Ilinyesha asubuhi yote mpaka bonde likageuka ziwa, tukaona majani ya majimbi yakielea. Mchana ikakatika ghafla. Jua halikutoka, mawingu yalibaki chini chini, hewa ikawa baridi na mbichi. Hakuna wakati siafu wanaoupenda kama ule. Mjukuu wangu anayesomea mambo ya wadudu alinieleza juzi juzi kwamba jua kali linawakausha, ndiyo maana hujificha, na kwamba ardhi ikiroa na mbingu ikifunga wanaweza kutembea mchana kutwa, na wakifurikiwa wanahama na mayai yao na mama yao mkubwa. Nikamwambia bibi yangu alisema chungu husikia mawingu yanapoburura vyombo vyao. Akacheka, akasema, "Bibi, hiyo ni ileile, imevaa kanga tu." Nikampenda zaidi.

Basi alasiri ile nilitumwa kumpelekea Zuhura uji. Nilikwenda polepole kwa sababu njiani nilikuwa na shughuli ya kuupunguza. Nilipofika ukumbini nikaona kombamwiko anakimbia mchana mweupe katikati ya sakafu. Halafu wa pili. Halafu wakawa wengi, na mjusi kati yao, na buibui mkubwa, wote wanakwenda upande mmoja, hawaogopani wala hawaniogopi mimi. Sikuelewa. Nikawapisha kama mtu anavyopisha msafara wa harusi, nikaingia chumbani, nikampa Zuhura kikombe. Nilipogeuka, kizingiti cha mlango wa mbele, ambacho ungekiona kutoka pale kitandani, kilikuwa kimebadilika rangi. Kilikuwa cheusi na kilikuwa kinakwenda.

Nikapiga ukelele. Zuhura akanivuta kitandani. Katika muda wa kumeza mate mara mbili tatu hivi ukumbi ulikuwa umejaa, na kitu kama zulia kikasambaa kuja chumbani, kikapanda ukuta wa kulia na wa kushoto, kikaingia kwenye makuti. Wakaanza kudondoka juu ya chandarua. Sauti yake ilikuwa kama mchele unaomwagwa kwenye ungo, kidogo kidogo. Mtoto akazinduka akalia.

Bibi na Bi Mwanaidi walikuwa jikoni. Walizunguka nyumba mbio, wakaingia kwa mlango ule ule, miguu mitupu, wakikanyaga juu yao. Sijui walivyopita. Bibi alifika anaruka ruka na kupiga mapaja yake. Bi Mwanaidi alifika kimya, na miguu yake mpaka magotini ilikuwa imevaa soksi nyeusi.

"Nipe mtoto!" bibi akasema. "Nimfunike na kanga, nipite naye mbio."

Zuhura akamtazama mama mkwe wake.

"Mlangoni hapiti," Bi Mwanaidi akasema.

"Wewe mwanamke! Huwaoni? Watamwingia puani! Watamwingia masikioni!"

"Nawaona."

"Mwanaidi, nakupigia magoti." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia bibi akilitaja jina lile bila ya Bi. Na angepiga magoti kweli, kama pangekuwa na pahala pa kupigia.

Nilimtazama Bi Mwanaidi usoni. Watoto huona vitu. Hakuwa mkaidi. Alikuwa amekamatwa, kama mtu aliyeshikwa mikono na watu wawili wenye nguvu, kila mmoja anavuta kwake. Midomo yake ilikuwa ikienda lakini hakusoma dua, maana hakuna herufi iliyotoka. Alitazama mlango, akamtazama mtoto. Kisha akainama juu ya kitanda, akatia mkono chini ya mto wa Riziki, akakitoa kile kisu.

Zuhura alipiga ukelele. Hata mie nilidhani ameshikwa na wazimu. Bi Mwanaidi akatugeukia mgongo, akakididimiza kisu kwenye ukuta, ule uliogusana na jiko.

Ukuta ulikuwa umelegea kwa unyevu. Alichoma na kuchimbua, udongo ukaanguka kwa mapande, fito zikaonekana. Akakata kamba zilizozifunga, moja baada ya moja, akavunja kwa kisigino. Nyumba ile aliikandika kwa mikono yake mwenyewe pamoja na marehemu mumewe, na siku ile aliipiga mateke kama mwizi. Bibi alipofahamu, akajitupa na yeye, akazing'oa fito kwa mikono. Tundu likapatikana, kubwa kiasi cha mbuzi kupita, na moshi wa jikoni ukaingia chumbani. Siafu walio karibu wakarudi nyuma.

"Tangulia wewe, umpokee," Bi Mwanaidi akamwambia bibi.

Bibi akatangulia, akakwama. Alikuwa mnene, nimeshasema. Kichwa kilikuwa jikoni na sehemu nyengine tulibaki nayo sisi.

"Nisukume, we mke mwenzangu, usicheke!"

Nilikuwa nacheka na kulia, siafu wananing'ata shingoni, nasukuma. Akatoka kama kizibo. Nikapita mimi. Kisha Bi Mwanaidi akamchukua mtoto, akamkung'uta, akamfunika uso kwa kanga safi, akampitisha polepole katika lile tundu mpaka mikono ya bibi ilipomkamata. Hakumwachia papo hapo. Wakabaki wamemshika wote wawili, mmoja huku, mmoja kule, ukuta katikati.

"Mlango hakuuvuka," Bi Mwanaidi akasema kutoka ndani. "Na mbingu hajaiona."

Bibi yangu, ambaye hakupata kumwachia mtu neno la mwisho maishani mwake, akainua macho juu, akayatazama makuti ya banda la jiko. "Hajaiona, mkwe wangu. Juu hapa ni makuti. Bado yumo ndani."

Hapo ndipo mikono ya upande wa pili ilipomwachia.

Zuhura akatoka, na Bi Mwanaidi mwisho. Tukamwaga majivu ya moto kwenye tundu na mlangoni mwa jiko, tukachochea moto, tukakaa kumzunguka mtoto. Siafu wakafika mpaka kwenye majivu, wakasita, wakapinda. Bibi akawatolea salamu. Aliona aibu kidogo kwa yale majivu, akawaeleza kuwa ni kwa ajili ya mtoto tu.

Bi Rukia alitusikia akaja mpaka mlangoni mwa jiko, akasimama nje na buibui lake. Huyo alikuwa mwanamke wa kupendeza: habari yoyote aliifikisha kabla haijatokea.

"Mmetumiwa!" akasema. "Si bure. Mie nshasema tangu siku ile mtalaka wa mwanao Makame alipopita hapa njiani asitoe salamu. Siafu wa kutumwa hao! Wana macho ya..." Akasita. Akajikuna. Akaruka. Kisha akaanza kuvua buibui palepale njiani, anazunguka kama pia.

"Na huyo aliyekupanda wewe, shoga," bibi akamuuliza, "katumwa na nani?"

Zuhura alicheka mpaka akashika tumbo lake la uzazi. Nikamtazama Bi Mwanaidi, na yeye mdomo ulimcheza. Alikuwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, miguu ameinyoosha, na ngozi yote ilikuwa na vichwa vya siafu vilivyonata. Siafu ukimng'oa, mwili unatoka, kichwa kinabaki kinauma. Bibi akasogea, akaiweka miguu ile mapajani mwake, akaanza kuvitoa kwa kucha, kimoja kimoja.

Akavitupa motoni. Kisha Bi Mwanaidi akasema, akitazama moto, "Wa kwanza wangu nilimtoa nje. Kuna msiba kwa mama yangu, arobaini yangu haijatimia, wakanambia nenda tu, mfunike. Nikamfunika. Nikaenda. Tuliporudi alikuwa na homa. Wiki ile ile tukamzika."

Bibi akaendelea na vichwa. "Ungenambia, mkwe wangu."

"Ningeanzia wapi?"

Bibi akang'oa kichwa chengine. Hata mimi niliyekuwa mtoto nilijua, hakuthubutu kusema kwamba ilikuwa homa tu, na kwamba mtoto angeugua hata ndani. Labda aliamini hivyo, labda hakuamini.

Siafu walilala na nyumba usiku ule, sisi tukalala jikoni. Siku ya pili jua lilitoka kali, na kabla halijapanda juu walikuwa wameshaondoka, wote, kana kwamba ndoto ile tumeiota sisi. Tuliingia ndani. Kombamwiko hamna hata mmoja. Darini tukakuta mifupa ya panya, myeupe, safi kama ya kununua. Bi Rukia alisema nuksi imetoka, bibi akasema yeye alikwishasema, na Bi Mwanaidi hakubisha. Akaenda kwenye kitanda. Lile kopo la mguu wa kichwani lilikuwa limejaa siafu waliokufa, wameshikana, na wenzao walipita juu yao kama darajani. Akainua godoro. Kwenye mshono, pale hasa alipokuwa akilazwa Riziki, kulikuwa na maganda ya wadudu yaliyobaki na siafu wachache waliochelewa, wanazunguka zunguka. Bi Mwanaidi akarudisha godoro taratibu, akakaa chini sakafuni, na alikaa pale mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Riziki ni bibi kama mimi hivi sasa, mnene kumshinda Bi Mize, na ananidai ubishi kila tukikutana.

Tundu lile halikukandikwa. Mume wa Zuhura alikuja Ijumaa na udongo tayari, mama yake akamwambia aupeleke kwengine. Bi Mwanaidi mwenyewe akalikata vizuri pembeni, akalitundikia mkeka. Zuhura alizaa tena, na tena, na kila mara kitanda chake kilirudi chumba kile kile, kichwa upande wa mkeka, na kisu chini ya mto kama kawaida. Arobaini haikulegezwa hata siku moja. Nilipokuwa msichana mkubwa, nimekwenda kutazama mtoto wa tatu au wa nne, nikamuuliza kwa utundu wangu, "Bi Mwanaidi, mbona ukuta wako hauutengenezi, unangoja siafu?"

"Liache hilo tundu," akanambia. "Wengine watazaliwa."

Nimeisimulia hadithi hii kwenye mabaraza mengi, na kwa miaka mingi niliisimulia kama ushindi wa bibi yangu: chungu walisema, yeye akasikia, mwenzake akakataa, siafu wakaja. Watu walicheka pale Bi Rukia alipovua buibui, na mie nilirefusha kila mara, mpaka katika baadhi ya simulizi alifika njiani na nguo ya ndani tu. Sasa nina wajukuu, nimeshazika, na nikifika pale kisu kinapotoka chini ya mto sauti inanipungua. Chungu walimwambia bibi mvua inakuja, na hilo nawapa haki yao. Lakini hakuna mdudu aliyemwambia Bi Mwanaidi afanye nini na khofu yake. Hilo alilitafuta mwenyewe, siafu wakimla miguu, akaona pahala pa kumpitisha mtoto huyu bila ya kumsaliti yule aliyemzika.